Marmoti Hupiga Mluzi Kabla Sijapata Picha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga, ila kwa sasa naishi Munich. Julai iliyopita nilikwenda Austria, kwenye barabara ya milimani ya Grossglockner, nikiwa na hamu ya kupiga picha za marmoti, ambao kwa sura wanafanana sana na pimbi wetu. Kila nilipowanyemelea adhuhuri ile, mmoja alipiga mluzi na wote wakatokomea mashimoni, nami nikarudi na picha za migongo tu. Mwenzangu ananishauri nibebe karoti safari ijayo. Je, nimsikilize?
Msomaji, Munich

JIBU: Ndugu msomaji, karoti ziache nyumbani. Marmoti wa Alps hulala chini ya ardhi kwa miezi sita hadi saba kila mwaka, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kutokana na majani na maua ya mlimani, kwa hiyo kumzoesha vyakula vya watalii ni kumharibia akiba yake. Isitoshe, kwa maoni yangu, picha ya marmoti aliyeshika karoti ni picha ya karoti.

Kilichokuponza ni kule kunyemelea. Macho ya mnyama huyu yako pembeni, juu ya kichwa, naye huona eneo pana pamoja na anga, kwa kuwa adui zake wakubwa ni tai na mbweha. Mtu anayenyata huku ameinama humtisha kuliko yule anayepita wima njiani. Badala ya kumfuata, tafuta shimo lenye udongo uliofukuliwa karibuni na vijia vilivyokanyagwa kwenye nyasi, ukae mita 20 au 30 kutoka hapo bila kutoka nje ya njia iliyoruhusiwa, na usijiweke kati yake na shimo lake. Akipiga mluzi na kuzama, usiondoke. Aghalabu kichwa hujitokeza tena baada ya muda, kwanza pua na macho, na hapo ndipo subira yako hulipwa.

Saa nazo zilikuwa kinyume chako. Kufanana kwake na pimbi ni kwa sura tu: pimbi ana undugu na tembo, ilhali marmoti ni wa jamii ya kindi, na mwili wake umeumbwa kwa ajili ya baridi kiasi kwamba joto la adhuhuri humrudisha shimoni. Nenda asubuhi na mapema, kabla mabasi hayajafika Kaiser-Franz-Josefs-Höhe, mahali penye kimo cha mita 2,369 ambapo marmoti wamekwisha kuwazoea watu, au usubiri jua la jioni.

Lenzi ya milimita 400 au zaidi itakutosha. Lala kifudifudi ili kamera iwe sawa na macho yake, ulenge jicho, na utumie kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, hasa Julai, watoto wanapoanza kutoka nje na kupigana mieleka. Septemba utawapata wakiwa wamenona kupita kiasi. Usichelewe zaidi ya hapo, maana kufikia katikati ya Oktoba kwa kawaida huwa wameshaziba milango kwa udongo, mawe na nyasi, na hawaonekani tena hadi majira ya kuchipua.