Kabla Hujashangilia Kitanzi: Ushauri kwa Anayeanza na Memrista za Polima

Karibu kila mwanafunzi anayepima memrista (kifaa ambacho upitishaji wake wa umeme hubadilishwa kwa volteji na kubaki hivyo, kama kumbukumbu) kwa mara ya kwanza hutafuta kitu kimoja kwenye skrini: kitanzi, yaani mkondo wa umeme kupanda kwa njia moja volteji inapoongezwa na kushuka kwa nyingine inapopunguzwa. Kikitokea tu, anaanza kuandika ripoti. Mimi namwambia asubiri. Jiulize kwanza: ndani ya utando huo, ni kitu gani kimehama?

Polima hazitunzi kumbukumbu kwa njia moja. Ukiweka polima isiyopitisha umeme, tuseme PMMA, kati ya fedha na dhahabu, mara nyingi kazi yote inafanywa na fedha: ayoni zake, yaani atomi zenye chaji, hupenya, hurundikana na kujenga uzi mwembamba unaounganisha pande mbili. Ukigeuza volteji, uzi unakatika. PVDF, polima nyingine, yenyewe hugeuza mwelekeo wa chaji ndani ya molekuli zake. Halafu kuna PEDOT:PSS, mchanganyiko wa polima unaopitisha umeme, ambapo ayoni huingia na kutoka katika utando mzima. Ayoni chanya zikiingia, upitishaji unashuka; zikitoka, unapanda.

Hii ya mwisho ndiyo niliyozama nayo, na naipenda kwa dhati. Mwaka 2017 Yoeri van de Burgt, Alberto Salleo na wenzao huko Stanford walionyesha kifaa cha aina hiyo chenye zaidi ya ngazi 500 za upitishaji ndani ya takribani volti 1. Uzi wa fedha huelekea kuruka ghafla, umewaka au umezima. Kwa mtandao unaojifunza kwa kurekebisha nguvu za sinapsi, yaani viungo vyake kama vile vya seli za ubongo, kidogo kidogo, hizo ngazi ni mali. Tena ukikumbuka kwamba ubongo wa binadamu unaendeshwa kwa takribani wati 20 tu, unaelewa kwa nini volteji ndogo inatuhangaisha hivi.

Sasa, utajuaje kilichohama? Badilisha elektrodi ya fedha uweke ya dhahabu. Kitanzi kikipotea, fedha ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Kisha tengeneza elektrodi za ukubwa tofauti: kama ukinzani wa hali ya kuwaka haujali ukubwa, umeme unapita kwenye uzi; kama unapungua kadiri eneo linavyoongezeka, utando mzima unashiriki. Mwisho, andika hali kwenye kifaa kwa volteji, ondoa volteji hiyo, subiri, halafu soma kwa volteji ndogo sana. Kitanzi kilichotokana na chaji iliyojirundika tu, kama kwenye kapasita, hakitakuachia kitu cha kusoma. Na tafadhali, weka kikomo cha mkondo kabla hujagusa kitufe. Uzi ukinenepa kupita kiasi haukatiki tena.

Kuhusu utando wenyewe, usiwe na haraka. PEDOT:PSS huja kama kimiminika cha buluu iliyokoza, chembe zikiwa zimetawanyika majini. Usikigandishe, na kichuje kabla ya kukimwaga juu ya kioo kinachozungushwa. Baada ya hapo inamisha kioo kwenye mwanga. Ukiona michirizi inayoanzia kwenye punje na kuelekea ukingoni, ni vumbi au chembe zilizoshikana. Safisha kioo uanze upya, kwa sababu hapo ndipo kifaa kitapiga shoti. Kama utando utakaa kwenye maji ya chumvi, ongeza GOPS, kemikali ya kuushikiza, ili usibanduke. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa GOPS hupunguza upitishaji kiasi, lakini utando unaoelea juu ya maji hauna faida kwa mtu yeyote.

Hewa nayo ina mchango wake. PSS hufyonza unyevu, na unyevu hurahisisha mwendo wa ayoni, hivyo kifaa kilekile kinaweza kutoa matokeo mawili asubuhi na mchana. Anayefanya kazi Dar es Salaam au Mombasa ahifadhi sampuli kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli. Oksijeni pia huirudishia PEDOT upitishaji wake polepole, ukaona hali uliyoiandika inahama yenyewe. Pima ndani ya naitrojeni ukiweza. Kama kifaa chako kina lango, yaani elektrodi ya tatu inayotumika kuandika hali, kata saketi yake mara tu unapomaliza kuandika, la sivyo chaji itarudi ilikotoka.

Na kwenye ripoti, taja vifaa vingapi ulitengeneza, vingapi vilifanya kazi, na unyevu wa chumba ulikuwa kiasi gani.