Jibu: Msabato wangu hataki zamu ya Jumamosi, nifanyeje?

Ndugu, umeuliza kama umwachie Msabato wako siku ya Jumamosi ilhali wenzake wameanza kunung'unika. Usimkatalie kabla hujakaa naye chini. Sabato yake inaanza Ijumaa jua linapozama, kwa hiyo hata zamu ya Ijumaa usiku inamgusa. Wasimamizi wengi hulisahau hilo, halafu wanamwona mkaidi.

Muulize yeye mwenyewe atafidia vipi. Mara nyingi yupo Mkristo anayetaka Jumapili yake, na Mwislamu anayehitaji nafasi ya swala ya Ijumaa mchana. Ukitoa ratiba ya mwezi mzima mapema, watu hubadilishana zamu wenyewe kwa moyo mweupe.

Kuhusu manung'uniko: mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mbeba barua aliyekataa kazi ya Jumapili, ilisema mwajiri anayekataa ombi la namna hiyo lazima aonyeshe kwamba lingeitwisha biashara yake mzigo mkubwa. Chuki ya wafanyakazi wengine dhidi ya dini ya aliyeomba haihesabiwi. Mimi nakiona hicho ni kipimo cha haki hata pasipokuwa na sheria hiyo. Lakini kama ni mtu yuleyule anayemshikia zamu kila wiki, huyo ana haki ya kulalamika, na wa kurekebisha mpango ni wewe, si Msabato.

Tafadhali, mazungumzo hayo yawe faragha. Usimhoji imani yake mbele ya watu.