IST na oili: soma nyuma ya galoni

Mkuu, kwa Toyota IST yako ya injini ya 1NZ (ile ya petroli ya cc 1500), hiyo SAE 40, oili nzito ambayo fundi anasema uweke kisa joto la Dar, achana nayo, chukua 5W-30. Lile neno sinthetiki lililoandikwa makubwa mbele linakwambia oili imetengenezwaje tu, halikwambii kama inaifaa injini yako, unaweza kukuta sinthetiki kabisa ila ni 20W-50, kwahiyo geuza galoni usome nyuma. Namba yenye W ni tabia ya oili ikiwa ya baridi, ikiwa ndogo ndo poa maana asubuhi ukiwasha inapanda haraka mpaka kwenye kemshafti (ile shafti ya juu inayofungua valvu), na ile 30 ni uzito wake injini ikishapata moto wake wa kawaida, oili ikiwa nyuzi 100 hivi, sasa joto la Kariakoo hapo linaongeza nini? Halafu VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, inaendeshwa na presha ya oili hiyo hiyo kupitia vitundu vidogo sana, nzito inachelewa kupita.

Cheki pia API, yaani alama ya daraja la oili, herufi S ni petroli, tafuta SN au SP, ukikuta CI-4 peke yake hiyo ni ya dizeli, waachie wenye Fuso. Hela ikibana semi sinthetiki ya 5W-30 inatosha, ila imwage mapema na filta ubadilishe. Inaingia kama lita 3.7, fundi akitaka kumimina galoni ya lita 4 yote mzuie, stiki isipite alama ya juu. Kama inakula oili na kutoa moshi wa bluu sema, hapo ndo tuongelee 10W-40, nzito kidogo.