Jibu: Jahazi linamezwa na minazi

Salaam ndugu. Umesema unachora ufukwe wa Nungwi kwa rangi za mafuta, unataka jahazi lionekane kwanza, lakini jicho linakimbilia minazi ya pembeni.

Usiguse jahazi bado. Finya macho hadi ubaki na mapande ya giza na mwanga tu. Bila shaka giza zito lipo kwenye makuti, yakigusana na anga angavu. Yapaushe kwa bluu na nyeupe kidogo, kisha pitisha brashi kavu kwenye kingo zikiwa mbichi, yaani rangi haijakauka, zififie.

Sasa tanga. Nyeupe ukiipaka juu ya anga mbichi huchota bluu ya chini na kupoteza weupe wake, na ukizidi kusugua ndivyo unavyozidi kuiharibu. Kwangua umbo la tanga kwa kisu mpaka turubai ionekane, weka nyeupe nzito yenye chembe ya manjano, mkupuo mmoja au miwili, uiache. Nyeupe hiyo usiitumie kwingine, hata kwenye povu la mawimbi. Giza kali kabisa liwe chini ya ubavu wa jahazi, likutane na mchanga unaowaka jua.

Ukichora ukiwa hapo ufukweni, vivuli vichore dakika 10 za mwanzo; jua likivihamisha, usivifuate.