Kwa nini hatuji kuhesabiwa Desemba

Kaka, shikamoo. Swali lako kwenye kundi la ukoo nimelisoma mara tatu kabla sijaamua kulijibu. Uliandika: "Mwaka wa sita huu hamjapanda Marangu Krismasi. Sikukuu mnakula na nani huko? Au ndiyo mmeshakuwa Wazungu?" Watu wengi wakacheka. Mama hakucheka, alinipigia usiku uleule kuniuliza kama nimekasirika. Sijakasirika. Ila nimechoka kujibu kwa picha za theluji, kwa hiyo leo najibu kwa maneno, na wengine wenye ndugu ughaibuni wasome pia, maana najua swali hili haliulizwi kwetu tu. Kupanda nyumbani Kilimanjaro kila Desemba, ukoo mzima ukutane, ndiko sisi Wachaga tunakoita kwa utani kwenda kuhesabiwa.

Naanza na ratiba, kwa sababu nyumbani watu wanadhani tatizo ni nauli peke yake. Watoto wangu wako shule, na hapa Leipzig, kwenye jimbo la Saxony, Ujerumani, likizo ya Krismasi ni kama wiki mbili tu. Inaanza tarehe 22 au 23 Desemba, na siku chache baada ya Mwaka Mpya wanatakiwa darasani. Ujerumani huwezi kumtoa mtoto shule siku tatu kabla ya kufunga eti tunawahi ndege. Bila ruhusa unaweza kupigwa faini. Kwa hiyo wazazi wote wenye watoto wanaruka siku zilezile mbili tatu, na mashirika ya ndege yanalijua hilo vizuri sana. Mwaka juzi niliangalia tiketi za kushukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: Novemba mtu mmoja Euro 850, tarehe 22 Desemba mtu huyohuyo Euro 1,480. Sisi ni wanne. Piga hesabu mwenyewe, halafu ujue kuwa mshahara wangu wa mwezi, baada ya kodi, bima na makato mengine, ni Euro 2,350, na humo ndimo inamotoka kodi ya nyumba.

Halafu kuna kazi. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wazee hawafungi kwa sikukuu. Tunapokezana: aliyepumzika Krismasi anaingia zamu Mwaka Mpya, na kinyume chake. Kupata wiki mbili zinazovuka sikukuu zote mbili ni kuwaomba wenzako sita wakubebee mzigo wako, na kila mmoja wao ana mama yake pia.

Sasa nije kwenye lile ambalo sijawahi kulisema.

Mara ya mwisho tulikuja Desemba 2019. Unakumbuka tulivyoshuka na mabegi manane, kila moja kilo 23. Mkasema, "Hawa wamefanikiwa." Kaka, zile zilikuwa pesa za mkopo. Tulikopa Euro 4,000 benki, juu ya akiba tuliyokuwa nayo, kwa sababu niliona aibu kufika mikono mitupu. Niliandika orodha mezani miezi mitatu kabla: shangazi kitenge na viatu, wajomba mashati, simu mbili, manukato, dawa za meno za watoto wa jirani, mchango wa harusi mbili, kipaimara cha binti wa dada, bati za zizi. Siku ya tatu nikamsikia mtu nyuma ya jiko akisema, "Ulaya miaka yote hiyo na ameniletea sabuni." Nilikuwa nimeshika sufuria ya mtori. Niliiweka chini nikaenda kukaa kwenye kaburi la baba mpaka jua likazama. Mkopo ule tulimaliza kuulipa Machi 2021.

Sisemi haya ili mtu aombe msamaha au aje na jani la isale, lile la kuombea msamaha, mlangoni. Nasema kwa sababu kila mnapouliza kwa nini hatuji, mimi naiona ile orodha kabla ya kuuona mlima.

Umeuliza sikukuu tunakula na nani. Krismasi ya huku inaanza mapema kuliko yetu, tena inaanza kimya. Jumapili nne za Majilio kila nyumba ina shada la matawi mabichi na mishumaa minne. Kila Jumapili unaongezwa mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolasi, watoto wanang'arisha viatu vyao na kuviacha mlangoni, asubuhi wanavikuta vina machungwa, karanga na chokoleti. Wangu wanang'arisha mpaka soli. Katikati ya mji kuna soko la Krismasi ambalo asili yake ni mwaka 1458, na watu wanasimama kwenye baridi na vikombe vya divai nyekundu ya moto yenye karafuu na mdalasini. Harufu ile inafika mpaka kituo cha tramu. Mara ya kwanza iliponifikia nilidhani niko Pwani.

Halafu inafika tarehe 24, na hapo ndipo mgeni anapoujua upweke wake. Saa nane mchana maduka yanafungwa. Saa kumi jioni jua limeshazama, na halitaonekana mpaka saa mbili asubuhi. Barabara inakuwa tupu kama kuna amri ya kutotoka nje. Kwetu Krismasi ni mlango uliofunguliwa: anayepita njiani anaitwa, anapewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na mfupa wa kutafuna, hata kama humjui jina. Huku Krismasi ni mlango uliofungwa, na ndani yake kuna baba, mama, watoto, mti uliopambwa, viazi vya saladi na soseji. Ndiyo, soseji na saladi ya viazi. Hicho ndicho chakula cha nyumba nyingi usiku ule mkubwa, bata bukini anasubiri kesho yake. Si kwamba ni watu wabaya. Jirani yetu wa ghorofa ya chini alitununulia watoto kofia za sufu na kutuletea mkate wa Krismasi wenye zabibu kavu, uliojaa sukari nyeupe juu. Aliukabidhi mlangoni, akatutakia heri, akashuka. Hakuingia, na sisi hakutuita kwake. Mwaka wa kwanza niliona ametudharau. Sasa najua ndivyo heshima ya huku ilivyo: usiku ule humsumbui mtu nyumbani kwake.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na zamu jioni hiyo. Kuna bibi mmoja, ana miaka zaidi ya themanini, aliniomba nimvalishe blauzi yake ya bluu na nimchane nywele kwa sababu mwanawe anakuja. Saa tisa alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkoba umepakatwa, koti limefungwa vifungo vyote. Saa kumi na moja bado koti halijavuliwa. Saa moja usiku simu ikaita: barabara ina barafu, atakuja tarehe 26. Nilipomvua koti mikono yake ilikuwa ya baridi ingawa chumba kina joto. Akaniuliza, "Na wewe mama yako yuko wapi usiku huu?" Nikamwambia, mbali, kwenye mlima. Akasema, "Basi ninyi na sisi tuko sawa." Nikaenda kulia chumba cha nguo.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu ni machozi. Kanisani tarehe 24 alasiri ni kuzuri mno. Upande huu wa mashariki ya Ujerumani wengi hawaendi kanisani mwaka mzima, ila siku hiyo hupati pa kukaa. Watoto wanaigiza kuzaliwa kwa Yesu. Mwanangu alikuwa mchungaji wa kondoo, kavaa lile shuka jekundu la Kimasai ulilompa, akawa mchungaji wa kweli kuliko wote. Kisha wanazima taa, mishumaa inabaki, kinanda kinaanza, na kaka, ni tuni zilezile. Zile tulizofundishwa na bibi, zile kwaya ya usharika inaimba kwa Kiswahili. Wamisionari walioanza kazi Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya hapahapa Leipzig. Mimi naimba kwa Kiswahili chinichini, wao kwa Kijerumani, tunamaliza ubeti pamoja. Ndizo dakika ambazo siko ughaibuni. Kinachokosekana ni kutoka nje baada ya ibada na kukuta mnada wa sadaka, jogoo anapigiwa bei na mikungu ya ndizi imepangwa kwenye nyasi. Huku ibada ikiisha watu wanapeana mikono, wanakwenda zao.

Na wewe mpwa wangu uliyeandika kwenye kundi, "Shangazi nifanyie mpango nije nile Krismasi ya theluji," nakujibu hapahapa. Leipzig Krismasi mara nyingi haina theluji. Ina manyunyu, matope na mawingu ya kijivu wiki nzima. Picha ulizoziona tulipiga Oberwiesenthal, milimani, mpakani na Cheki. Tulikwenda siku mbili, tarehe 27 na 28, kwa treni kisha basi. Watoto waliteleza kwenye vigari vya mbao mpaka midomo ikawa ya zambarau, nami nilifurahi kuwaona. Mlima wa pale, Fichtelberg, ndio mrefu kuliko yote Saxony: mita 1,215. Nikawaambia wanangu kwamba nyumbani kwa bibi yao, pale jikoni penye moshi, ni juu zaidi ya kilele kile. Hawakuamini mpaka nikawaonyesha kwenye ramani. Theluji utaizoea kwa siku mbili, mwanangu. Gharama ya kulala kule siku hizo ingekulipia ada ya muhula.

Turudi kwetu. Mnajua tulikuja Julai 2023, maana likizo ndefu ya watoto ni hiyo, wiki sita, na niliweza kupata ruhusa ya mwezi mzima. Nilikuwa nimewasimulia watoto habari za ukoo: mtakutana na binamu zenu thelathini, mtalala wengi kitanda kimoja, mbuzi watachinjwa, wazee watakaa kikao chini ya mparachichi, watagawa nyama kila mtu kwa heshima yake, watasuluhisha waliogombana. Tukafika. Kuanzia barabarani mpaka kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, nilihesabu nyumba kumi na nne nzuri, zenye vigae na madirisha ya vioo, na mageti kumi na moja yana kufuli. Kila mtu yuko Dar, Arusha, Mwanza. Tulimkuta mama, kijana anayekata majani ya ng'ombe, na mbwa. Mama alipika kiburu, ndizi na maharage, cha watu ishirini kwa mazoea, tukakila siku tatu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, wale watu uliowasema wako wapi?" Nikamwambia wanakuja Desemba. Akasema, "Lakini Desemba sisi tuko shule."

Hilo ndilo jibu langu kwako, Kaka, kama ulitaka moja tu. Ninyi mnapanda Desemba kwa sababu ndipo mnapopata nafasi, mnasimama stendi ya mabasi ya Mbezi, Dar, tangu alfajiri na nauli imepanda, mnafika mmechoka, na bado mnafika. Sisi nafasi yetu ni Julai. Hatujakataa kuhesabiwa, tunahesabiwa siku ambayo mwenye daftari hayupo.

Asubuhi ya tarehe 25 mwaka huu mlipotupigia kwa video, huku ilikuwa bado giza. Mmoja wenu alizungusha simu nikaona ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, inageuzwa, nikaona watoto wenu na nguo mpya, nikamwona mama amekaa kwenye kiti cha baba. Mwanangu akaweka shavu kwenye kioo cha simu, akauliza, "Bibi, kuna joto?" Mama akasema, "Kuna moshi, mjukuu wangu, njoo unifutie macho." Mtandao ukakatika. Mwanangu alikaa na ile simu mkononi dakika nyingi akisubiri mtandao urudi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na naomba kwa adabu zote. La kwanza: Julai ijayo tunakuja, tiketi tumeanza kuzilipia kidogokidogo, na tunakuja na nguo zetu tu. Hakuna begi la zawadi. Nimemwambia mama, ameshukuru. Nataka na wengine wasikie kutoka kwangu mapema, asije mtu akasubiri nifungue zipu. La pili: jaribuni kupanda hata siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, wewe na dada wa Arusha na yeyote atakayeweza. Mbuzi tutanunua sisi, mmoja, tutakula wote. Mama amesema ulezi anao na mbege atasimamia mwenyewe. Ule mgogoro wako na baba mdogo kuhusu mpaka wa kihamba, mnaouahirisha kila Desemba kwa sababu nyumba imejaa watu, mnaweza kukaa mkauzungumza kwa utulivu.

Nijibu kama tarehe 10 mpaka 12 zinakufaa. Na ule ufunguo wa chumba cha baba, uko kwa nani sasa? Ningependa watoto walale humo.