Kabla hujabeba mfuko wa majivu

Ikifika Juni, simu za vijana wa Idodi, Tungamalenga na Pawaga, kwetu Iringa, zinaanza kuita kwa namba ngeni. Ni kambi za uwindaji zinatafuta watu. Msimu unafunguliwa Julai mosi, na kabla ya siku hiyo barabara ziwe zimefyekwa, mahema yamesimama na wasoma nyayo wamepatikana. Mwaka huu wamenipigia wadogo zangu watatu kwa nyakati tofauti, na wote wameanza na swali moja: "Kaka, wanalipaje?" La malipo nimewajibu kwenye simu. Haya mengine hawakuuliza.

Nimefanya misimu tisa, mingi ikiwa upande wa Rungwa, kaskazini ya Hifadhi ya Ruaha. Nilianza kwa kubeba maji na zile fimbo tatu za kuegemezea bunduki, nikaishia kuwa traka, yaani msoma nyayo, wa mbele, yule mwenye kimfuko cha majivu. Kama hujakiona, ni kitambaa tu kilichofungwa, ndani kina majivu laini. Ukikitikisa, vumbi lake linakuonyesha upepo unakwenda wapi. Mbogo akikunusa, kazi ya saa nne za kunyata imeishia hapo, na mgeni anarudi kambini amenuna kana kwamba upepo ni ndugu yako.

Elewa kwanza nani ni nani. Mgeni ndiye aliyelipa. Mwindaji bingwa ndiye mwenye leseni ya kumwongoza, na ndiye atakayeulizwa mambo yakiharibika. Ofisa wa wanyamapori, ambaye wazee wetu mpaka leo wanamwita Bwana Nyama, yupo kuhakikisha kinachopigwa ndicho kilichoandikwa kwenye kibali. Wewe huna karatasi yoyote. Lakini macho ya kwanza ni yako. Mgeni akiwa bado anajiuliza kama kile ni kisiki au mnyama, wewe umeshaona kama ni dume au jike, ana ndama au hana, mzee au kijana. Kwa hiyo "hapana" ya kwanza inatoka kwako, na usipoitoa wewe mara nyingi haitoki kabisa.

Hilo ni gumu kuliko kusoma nyayo. Mgeni amelipia siku 21, zimebaki mbili, hajapata anachokitaka, na bahasha ya bakshishi iko kwenye mawazo ya kila aliyemo ndani ya gari. Ndiyo maana nasema jifunze alama ambazo unaweza kuzisimamia hata ukikaripiwa.

Kwa mbogo, tazama pale pembe zinapokutana juu ya paji la uso. Kwa dume aliyekomaa pamekauka, pagumu, pamekwaruzika kama gome la mti. Kwa kijana, katikati bado pana ulaini na manyoya, hata kama pembe zenyewe zimetanuka kiasi cha kumtoa mgeni udenda. Wageni wanapenda upana. Wewe tafuta ugumu. Wale madume wazee waliojitenga na kundi, wawili au watatu, wamejipaka matope mpaka masikioni, hao ndio wa kufuatwa. Uzazi wao wameshaumaliza. Kwa simba, mbali na manyoya ya shingoni, tazama pua: ya kijana ni nyekundu ya kupauka, na kadiri umri unavyokwenda inaingiwa na madoa meusi mpaka weusi unaizidi. Kanuni zetu zinataka dume asiyepungua miaka 6. Tembo ni jino la kilo 20 au urefu wa sentimita 160, na hilo huwezi kulipima kwa rula ukiwa umejificha kwenye kichaka, unalipima kwa kuwa umeona meno mengi. Ukisita, sema hapana kisha nyamaza. Usianze kujieleza, utajishawishi mwenyewe.

Ya sheria nayapita haraka kwa sababu kambini utasomewa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haitaki mnyama apigwe kutoka kwenye gari. Mnashuka, mnatembea, gari linabaki nyuma zaidi ya mita 200. Usiku hapana. Jike mwenye mtoto hapana. Kambi nyingi zinayaheshimu haya, na siku isipoheshimu utaisikia sentensi ileile kila mahali: "Leo tu."

Kuna watu huniuliza kama hizi ni taratibu za Wazungu au zetu. Babu yangu alikuwa mwindaji wa Pawaga, mtu wa gobole na mbwa (watani, tulieni, mbwa walikuwa wa kuwindia). Kwake mwenye mnyama alikuwa yule aliyemtia jeraha la kwanza, hata kama mwingine ndiye aliyemmaliza. Watu husikia hapo haki ya nyama. Babu alikuwa anazungumzia mzigo. Ukishamjeruhi ni wako, utamfuata mpaka umpate, ukilala porini bila chakula ni shauri lako, na ukirudi mikono mitupu huulizwi umeleta nini, unaulizwa umemwacha wapi. Alisimulia pia kwamba zamani tembo akianguka, jino lililogusa ardhi lilikuwa la mtwa, yaani chifu wetu Wahehe. Na kila ukoo ulikuwa na mnyama wake wa mwiko, ambaye hata njaa haikuwa sababu ya kumgusa.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akatoa amri ya uwindaji wa vibali. Mkwawa, mtwa wetu, alikuwa bado yuko porini akiwahangaisha Wajerumani. Yaani nchi ilikuwa bado inapiganiwa, wanyama wake wameshaandikiwa leseni. Babu mwenyewe kilichomuuma kilikuja baadaye, 1973, serikali ilipofunga uwindaji wote mpaka 1978. Katika miaka hiyo ndipo alipoitwa jangili kwa mara ya kwanza. Gobole alilisalimisha, lile neno hakulisamehe.

Kambini utakuta kanuni inayofanana na ya babu kwa sura: mnyama akijeruhiwa akapotea, anahesabiwa ameuawa, na mgeni analipa ada yake yote. Ni kanuni nzuri, inawafanya watu wasifyatue ovyo. Lakini ina kishimo. Mgeni akishajua kwamba atalipa, anaweza kuona ameshamaliza. Nimemsikia mmoja akisema, "Nitalipa, turudi, jua linazama." Mbogo mwenye risasi tumboni hajui kama amelipiwa.

Hapa nifike kwenye langu.

Msimu wangu wa nne, Septemba, kama saa kumi na moja jioni, mgeni alimpiga mbogo dume kwa umbali wa mita themanini hivi. Bunduki ilikuwa .375, ndogo kabisa inayokubalika kwa mbogo, na inatosha ukipiga begani. Mimi nilikuwa pembeni kidogo, nikaliona vumbi linaruka kwenye ngozi. Lilirukia nyuma, mbali na bega. Mwindaji bingwa akanigeukia: "Umeonaje?" Mgeni alikuwa anatabasamu, ananitazama. Nikasema, "Imeingia vizuri, bosi."

Maneno mawili na heshima moja. Kwa sababu yake hatukusubiri. Kwa kawaida mnakaa nusu saa au zaidi, mnasikiliza. Mbogo akikata roho hutoa mlio mrefu wa huzuni ambao ukishausikia huusahau, na hatukuwa tumeusikia. Tukaingia. Damu ya kwanza ilikuwa nyeusi, imechanganyika na vipande vya majani yaliyotafunwa. Ukiona damu nyepesi nyekundu yenye povu, hiyo ni mapafu, hatakwenda mbali. Nzito ya giza bila uchafu, huenda ni ini. Yenye majani ni tumbo, na mbogo wa tumbo anaweza kutembea usiku kucha, au anazunguka na kukusubiri kandoni mwa nyayo zake mwenyewe. Niliyaona yale majani. Nikayakanyaga nikaendelea, kwa sababu kusema sasa ni kukiri kwamba nilidanganya mwanzo.

Mbogo alitokea upande wa kulia, nyuma yetu kidogo. Hakunipata mimi. Alimpata mwenzangu, Mrangi wa Kondoa aliyenifundisha kazi, pembe ikaingia pajani. Mwindaji bingwa alimwangusha mbogo hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Mwenzangu alipona, anachechemea, na sasa ana mashamba yake ya mpunga. Kwenye maelezo iliandikwa ajali, na hakuna aliyeniuliza chochote. Yeye nilimwambia mwenyewe baada ya mwaka mmoja. Alisema aliiona ile damu pia, akadhani mimi nina sababu.

Ndiyo maana mwaka 2015, dunia ilipolia kwa ajili ya Cecil, yule simba wa Zimbabwe aliyepigwa mshale kwanza na kumalizwa saa kadhaa baadaye, mimi kilichonikaa kichwani ni zile saa. Wengine walijadili kama uwindaji wenyewe uwepo au usiwepo. Kenya walishaufunga tangu 1977, sisi bado tunao, na sibishani na anayeupinga. Naona bila vitalu vile vya uwindaji maeneo mengi yangekuwa malisho na mkaa. Naona pia pesa inayofika kijijini haifanani na ile inayotajwa kambini. Hayo mawili nimeyabeba pamoja kwa miaka tisa.

Basi jizoeze kusema ulichokiona, palepale. "Tumboni, bosi." Ukichelewa dakika moja inakuwa ngumu mara kumi. Mkimfikia mnyama aliyelala, fikeni kwa nyuma, na gusa jicho kwa fimbo ndefu kabla ya mtu yeyote kushika pembe. Kama kuna Mwislamu kwenye timu, mpisheni achinje mapema, mnyama akiwa bado ana uhai, picha zitangoja. Nimeona wageni wakikasirika kwamba kisu kimeharibu shingo ya nyara yao. Mwambie mwindaji bingwa alizungumze hilo siku ya kwanza, mnapokunywa chai, na aoneshe mahali pa kupitisha kisu ili ngozi isiharibike. Kambi nzima inakula ile nyama, na nyama ya kibudu si jambo la kumlazimisha mtu kwa ajili ya ukuta wa sebuleni kwake.

Tena kuhusu nyama. Mjomba atakupigia, "Mpwa, usitusahau kitoweo." Usibebe hata kipande kikavu bila karatasi. Ukikamatwa nayo kwenye kizuizi, hiyo ni nyara ya serikali, na kesi zake huwa zinaingizwa kwenye uhujumu uchumi. Hakimu hatajali kwamba mbogo mwenyewe alipigwa kwa kibali. Mjomba akitaka sana, siku hizi yapo mabucha ya nyamapori yenye leseni, anunue apewe risiti.

Chukua viatu vilivyokwisha kuchakaa kidogo, vipya vitakutoa malengelenge siku ya pili. Kofia isiwe ya rangi ya bluu, inavuta ndorobo. Simu ichaji kabla hujaondoka nyumbani: kambi niliyofanya mwisho mtandao ulikuwa unashika juu ya kichuguu kimoja tu, na foleni yake ilianza alfajiri.