Skana ya bei ndogo: lijue gari lako kabla ya kwenda dukani

Watu walionunua gari lao la kwanza huniuliza mara kwa mara wanunue skana gani ya bei nafuu, yaani kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Mimi huanza kwa kuuliza gari ni la mwaka gani, na lilitengenezwa liuzwe nchi gani. Wengi hushangaa, maana walitaka jina la kifaa tu. Lakini kifaa kizuri kisichoelewana na gari lako hakina kazi.

Soketi unayoitafuta ina matundu 16, na kwa kawaida iko chini ya usukani, karibu na magoti ya dereva. Kuwepo kwake kusikudanganye. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo wa pamoja wa gari kujikagua na kutoa taarifa za hitilafu, kwenye magari ya abiria kuanzia modeli za 1996. Umoja wa Ulaya ukafuata, magari ya petroli 2001 na ya dizeli 2004. Japani haikuwa na haraka hiyo, na magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Ndiyo maana Vitz au Corona ya mwishoni mwa miaka ya 1990 inaweza kuwa na soketi ileile, taa za skana zikawaka vizuri, na bado simu ikakuandikia kwamba gari halipatikani. Skana ni nzima. Kompyuta ya gari ndiyo inayofuata utaratibu wa kiwanda chake. Magari ya katikati ya miaka ya 2000 na kuendelea mara nyingi hayasumbui. Kama lako ni la zamani zaidi, azima skana ya mtu ujaribu, au kubaliana na muuzaji kwamba unachomeka kwanza ndipo unalipa.

Sasa kifaa chenyewe. Vile vidude vidogo vinavyouzwa kila mahali hujiita ELM327. Hilo ni jina la chipu ya iliyokuwa kampuni ya Kanada, Elm Electronics, iliyofungwa 2022, na karibu vyote utakavyokutana navyo kwa bei ya chini ni nakala. Vingine vimeandikwa V1.5, toleo ambalo kampuni hiyo haikuwahi kulitoa! Cha kuchekesha ni kwamba vingi vya V1.5 hufanya kazi vizuri kuliko vilivyoandikwa V2.1, ambavyo mara nyingi vimepunguzwa uwezo na hushindwa kuongea na magari yasiyotumia CAN, mtandao wa mawasiliano wa kompyuta za magari mapya. Kwa hiyo usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ukiweza kuongeza hela kidogo, chukua Vgate iCar Pro au Veepeak. OBDLink ni bora zaidi lakini bei yake si ya mtu anayeanza.

Angalia na simu yako. Kwa Android, kifaa cha Bluetooth ya kawaida kinatosha. Namba ya siri huwa 1234 au 0000. Mwenye iPhone asinunue hicho, hakitaunganishwa. Anahitaji chenye Bluetooth LE au cha Wi-Fi, na hicho cha Wi-Fi kina kero yake: simu inajiunga na mtandao wa skana na mara nyingi intaneti inakatika.

Zipo pia skana za mkononi zenye kioo chake, kama Ancel AD310 au zile ndogo za Launch. Zinamfaa asiyetaka mambo ya simu. Mimi naona kioo cha simu kinaonyesha mengi zaidi, ila ni suala la kupenda.

Kwenye programu usitoe pesa siku ya kwanza. Car Scanner ipo kwa Android na iPhone, na sehemu yake ya bure inatosha kabisa kujifunzia. Kabla ya kuunganisha, chagua aina ya gari kwenye orodha yake badala ya kuacha ijitafutie, maana hapo ndipo magari ya soko la Japani hupata nafasi ya kusomeka. Torque nayo ni nzuri kwa Android. Mwenye Prius au Aqua aweke Dr. Prius, imsomee betri ya haibridi kundi kwa kundi la seli zake. Mwenye Nissan Leaf atumie LeafSpy. Mwenye Ford atafute FORScan. Usitarajie kifaa cha bei ndogo na programu ya jumla vikusomee ABS na eyabegi kwenye kila gari. Vimewekewa kusoma injini. Kwa hayo mengine bado utamfuata fundi mwenye mashine kubwa, na ni halali yake kulipwa.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea: wanasoma kodi (namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari), wanaiandika kwenye intaneti, wanakimbilia Kariakoo kununua kipuri. Kodi inakuambia kompyuta imeona nini, haikuambii kilichoharibika. Chukua P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko wa upande wa kwanza una hewa nyingi kuliko mafuta. Kuna atakayekuambia ubadilishe sensa ya oksijeni, kwa sababu ndiyo iliyotoa taarifa. Wewe fungua data za moja kwa moja, utafute masahihisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini nzima hucheza karibu na sifuri, iwe juu au chini kwa asilimia chache. Kama gari likiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, inasoma asilimia 20 na kitu, halafu ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 inashuka kuelekea kawaida, tafuta mpira uliopasuka au gasketi ya manifodi inayovuta hewa. Ikiwa sailensa ni nzuri lakini inapanda kadiri unavyokanyaga, geukia pampu ya mafuta, chujio lake, au sensa ya hewa iliyochafuka. Gari ni lilelile na kodi ni ileile, lakini vipuri ni tofauti kabisa.

Misi nayo, yaani silinda kushindwa kuwasha mafuta. P0303 ni silinda ya tatu. Hamisha koili yake uipeleke silinda ya kwanza, futa kodi, endesha. Ikirudi ikiwa P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, angalia plagi, kisha nozeli. Kazi hii haigharimu shilingi.

P0420, inayosema masega (kisafisha moshi kwenye bomba la moshi) hayasafishi inavyotakiwa, ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu jibu la gereji nyingi ni kuyatoboa. Kabla hujakubali, tazama sensa ya oksijeni ya nyuma wakati injini imepata moto. Ikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7, masega bado yanafanya kazi, basi kagua kama bomba la moshi linavuja au sensa imechoka. Ikiwa inapanda na kushuka kwa haraka bila kutulia, hapo masega yana kesi ya kujibu.

Kitu kingine cha kutazama ni joto la maji. Likiwa barabara kuu, injini nyingi hukaa kati ya nyuzi 85 na 100. Ukiona 65 au 70 na haipandi, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna mtu aliitoa thamostati akidhani anazuia gari kuchemsha. Kompyuta itadhani injini haijapata moto, itaendelea kumwaga mafuta, nawe utalalamikia bei ya petroli.

Usifute kodi kabla ya kuipiga picha pamoja na kumbukumbu ya mazingira, yaani mwendo, joto na mizunguko iliyokuwepo hitilafu ilipotokea. Ukifuta, vyote vinaondoka, na fundi atakayekuja anaanza gizani. Kifaa chenyewe kichomoe ukimaliza, maana tundu la 16 lina umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa.

Skana hiyohiyo ibebe unapokwenda kutazama gari la kununua. Kwanza washa swichi bila kupiga stata: taa ya cheki injini lazima iwake. Isipowaka, huenda kuna aliyeitoa au aliyeizima, na huo ni mwisho wa mazungumzo. Ikiwaka, piga stata, unganisha, kisha tafuta kipimo cha umbali uliotembewa tangu kodi zifutwe. Si kila gari hukitoa, lakini ukikuta kilomita 4 kwenye gari ambalo muuzaji anaapa halijawahi kuguswa na fundi, mwulize kilichofutwa asubuhi hiyo ni nini. Angalia pia vipimo vya ndani ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe (readiness): vingi vikiwa bado havijakamilika, kumbukumbu ilifutwa karibuni au betri ilichomolewa. Omba kulirudia gari baada ya kutembezwa siku chache, na uchomeke tena kabla ya kutoa hela.